Maneno bila maana: Fumbo la mabingwa wa Scrabble

MNAMO Julai 2015, Nigel Richards wa New Zealand aliushangaza ulimwengu aliponyakua ubingwa wa dunia wa mchezo wa Scrabble kwa lugha ya Kifaransa, mjini Louvain-la-Neuve, Ubelgiji. Kilichowaacha wengi vinywa wazi ni kwamba hakuweza kuzungumza Kifaransa. Alikuwa amekariri orodha ya maneno kwa takriban wiki tisa tu.

Katika fainali alimbwaga mchezaji wa Gabon, nchi ambayo Kifaransa ndiyo lugha rasmi. Waliodhani hiyo ilikuwa bahati ya mtende walinyamazishwa mwaka wa 2024, alipotwaa taji la Kihispania jijini Granada.

Ushindi huo unafichua siri ya wachezaji hawa sugu. Kwao, neno si chombo cha kuwasilisha fikira bali ni mpangilio wa herufi wenye alama zake. Kila mchezaji hushika herufi saba, na akizitumia zote kwa mkupuo mmoja hutuzwa alama 50 za ziada. Ndiyo maana hukesha wakikariri maelfu ya maneno ambayo hawatayatamka maishani. Maana haimwongezei mtu alama hata moja.

Hali hii imewafaa Waafrika. Ikiwa maana haihesabiwi, basi aliyenyonya Kiingereza katika titi la mama hana urithi wa kujivunia mbele ya aliyejifunza darasani. Novemba 2015, jijini Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alimcharaza Mwingereza Lewis MacKay mikondo minne kwa nunge na kuwa Mwafrika wa kwanza kutawazwa bingwa wa dunia kwa Kiingereza.

Silaha ya Wanigeria ilikuwa mbinu. Mara nyingi walichagua maneno mafupi, hasa ya herufi tano, hata walipokuwa na marefu. Neno fupi humwachia mchezaji herufi nzuri mkononi, na halimfungulii mpinzani nafasi kwenye ubao.

Hata hivyo, maana ina njia zake za kurejea. Mwaka wa 2020, chama cha wachezaji wa Amerika Kaskazini kiliondoa kwenye orodha yake zaidi ya maneno 200 ya matusi, yakiwemo ya ubaguzi wa rangi. Mwaka uliofuata, kampuni ya Mattel, inayomiliki mchezo huo nje ya Marekani na Kanada, iliondoa takriban 400.

Baadhi ya wachezaji waliteta, wakidai kuwa ubaoni hayo ni herufi tu. Lakini anayetukanwa kwa neno hilo mitaani hawezi kulisoma kama hesabu ya alama. Neno ni mali ya wanaolisema na wanaoumizwa nalo, kabla ya kuwa mali ya mchezo.

Kenya haiko mbali na mjadala huu. Mwaka wa 2017, Nairobi iliandaa mashindano ya dunia, ambapo Akshay Bhandarkar aliibuka mshindi.

Mzazi au mwalimu anayemwelekeza mtoto kwenye mchezo huu atakuwa amempa kumbukumbu kali, hesabu na subira. Hizo ni tunu. Ila asidhani amemfundisha lugha. Kazi hiyo huanzia pale mtoto anapouliza, "Neno hili lina maana gani?"