MJUSI WA PEMBE NA WATOTO WAKE

Mwezi huu safu yetu ya wanyama inakwenda mbali, katika jimbo la Texas, nchini Marekani. Huko yuko mjusi mdogo mwenye pembe kichwani. Ukimwona utacheka. Lakini habari zake zinamhusu kila mkulima anayeshika bomba la dawa ya wadudu.

Yukoje?

Mwili wake ni mpana na bapa kama wa chura. Kwa hiyo watu wengi wa huko humwita chura wa pembe. Aliyekomaa ana urefu wa kiasi cha sentimeta 10. Rangi yake hufanana na udongo. Akibanwa na mbwa mwitu, huweza kurusha damu kutoka machoni. Damu hiyo ina ladha mbaya, na adui humwachia.

Chakula chake kikubwa ni sisimizi wekundu wanaokusanya mbegu. Sisimizi mmoja hana shibe, kwa sababu sehemu kubwa ya mwili wake ni gamba gumu. Kwa hiyo mjusi hula makumi ya sisimizi kwa siku.

Jike huchimba shimo, hutaga mayai, huyafukia, kisha huenda zake. Watoto wakitoka hawamwoni mama. Kila mmoja ni mdogo kiasi cha kukaa juu ya sarafu, na hujitafutia chakula mwenyewe.

Kwa nini walipungua?

Zamani mijusi hawa walikuwa wengi sana. Watu waliwakamata, wakawauza kama wanyama wa kuchezea. Wengi walikufa nyumbani kwa watu, kwa kuwa walikosa sisimizi wao. Mwaka 1967 Texas iliweka sheria ya kuwalinda. Mwaka 1977 waliandikwa katika orodha ya wanyama walio hatarini.

Hata hivyo waliendelea kupungua. Ardhi yao ilijengwa nyumba na barabara. Tena, sisimizi wakali wa Amerika Kusini waliingia Marekani kwa meli, wakaenea. Watu wakamwaga sumu ili kuwaua. Sumu haichagui. Iliwaua sisimizi wabaya, ikawaua na wale wekundu wasio na hatia. Mjusi akabaki bila chakula.

Watoto wanalelewaje?

Leo bustani za wanyama za Fort Worth, Dallas na San Antonio huzalisha mijusi hawa. Kulea watoto wao ni kazi ya uangalifu. Wataalamu hufuata mambo haya:

1. Joto. Mjusi hana joto lake mwenyewe. Bila joto hawezi kusaga chakula tumboni. Huwekewa taa yenye mwanga kama wa jua upande mmoja wa sanduku. Upande wa pili huachwa baridi kidogo, ili achague mwenyewe.

2. Mchanga. Huwekewa mchanga wa kujifukia. Humo hulala na kujificha.

3. Chakula. Mtoto hupewa wadudu wadogo kuliko kichwa chake: sisimizi, mchwa na nyenje wachanga. Hulishwa mara kwa mara, kidogo kidogo. Akikaa na njaa siku chache hudhoofu.

4. Maji. Mjusi huyu hunywa kwa namna ya ajabu. Maji yakimwangukia mgongoni, hupita katika mifereji midogo ya ngozi mpaka mdomoni. Kwa hiyo hunyunyiziwa maji kama manyunyu ya mvua.

5. Nafasi. Watoto wengi hawasongamanishwi mahali pamoja. Wenye nguvu wangewanyima chakula wanyonge.

Baadaye watoto hupelekwa porini, mahali penye sisimizi wekundu na pasipo sumu. Wengi huliwa na ndege na nyoka. Lakini mwaka 2021 wataalamu walipata habari njema. Mijusi waliozaliwa katika bustani za wanyama walikuwa wamezaa porini wenyewe.

Tunajifunza nini?

Ndugu msomaji, kuharibu ni rahisi, kurudisha ni kazi ya miaka mingi. Watu wa Texas wanalea mijusi mmoja mmoja, kwa taa na kwa manyunyu, kwa sababu chakula chao kilimalizwa.

Sisi pia tunatumia dawa shambani. Dawa inayoua kiwavi huweza kumwua nyuki anayechavusha maua ya maboga yako. Basi usinyunyize ovyo. Mjue kwanza mdudu unayetaka kumwua. Mwulize bwana shamba. Soma maandishi kwenye kopo. Sasa unajua kusoma. Tumia elimu yako.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mjusi wa pembe hulazimika kula sisimizi wengi?
2. Sumu ya kuua sisimizi wabaya ilimdhuru mjusi kwa njia gani?
3. Ni wadudu gani katika kijiji chako wanaomsaidia mkulima? Mnawalindaje?