Mabaharia wa kujitolea Atlantiki: Nani anawalinda?

Kila ifikapo Novemba, bandari ya Las Palmas katika visiwa vya Canary, Uhispania, hujaa boti za matanga zinazosubiri kuvuka Atlantiki kwenda Karibiki. Msimu wa vimbunga, unaoanza Juni 1, humalizika rasmi Novemba 30, na pepo za kuelekea magharibi huzisukuma boti hadi Saint Lucia, umbali wa takriban maili 2,700 za baharini.

Baadhi ya wamiliki wa katamarani, boti zenye umbo la mitumbwi miwili iliyounganishwa, ni mume na mke tu. Safari huchukua wiki mbili hadi tatu, na kanuni za kimataifa zinataka awepo mtu wa kuangalia njia mchana na usiku. Ndiyo maana hutafuta watu wa kujitolea, wasiolipwa mshahara.

Je, nani anawalinda watu hao? Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 unahusu meli za biashara. Boti binafsi za starehe hazimo. Anayejitolea hubaki akitegemea makubaliano yake na nahodha.

Hivyo ni muhimu yaandikwe kabla ya kung'oa nanga: nani atalipia chakula, bima na nauli ya kurudi, na zamu zitagawanywaje. Nahodha naye ana la kuhofia, kwani anaweza kutakiwa kugharamia kumrudisha kwao aliyeshuka bila tiketi. Katikati ya bahari, hakuna kituo cha kushukia.