Kuta za Minnesota, watoto wa Dar

Nina hoja moja, na naomba wenzetu wa Chuo Kikuu Ardhi, majirani zetu, waisome mpaka mwisho kabla ya kunijibu: jengo la maduka lililofungwa kila upande si mahali pa kumpeleka mtoto mdogo, na kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam halikuwa na sababu kubwa ya kufungwa tangu mwanzo.

Historia kidogo. Mwaka 1956, huko Edina, Minnesota, Marekani, lilifunguliwa jengo la maduka linaloitwa Southdale, la kwanza la aina yake kufunikwa lote na kuwekewa mitambo ya kurekebisha joto na baridi. Aliyelisanifu, Victor Gruen, alikuwa mkimbizi kutoka Vienna, na shida aliyoitatua ilikuwa ya kweli. Kule theluji inalala chini miezi kadhaa; nani atoke kwenda kununua viatu? Akafunga kuta, maduka yakaangalia ndani, akaweka bustani katikati ili watu wakutane kama wanavyokutana kwenye viwanja vya miji ya kwao. Uzeeni aliyakana majengo yaliyoiga kazi yake, maana wafanyabiashara walichukua boksi na maegesho ya magari, kiwanja wakakiacha.

Na boksi ndilo lililotufikia sisi. Mlimani City, ambayo wasomaji wengi wa jarida hili wanaijua kuliko ratiba ya vipindi, ilifunguliwa 2006 kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Raha ya kuingia pale saa nane mchana, Februari, sote tunaijua. Kiyoyozi sikikatai jamani. Hapa namzungumzia mtoto.

Dada yangu ana wawili, wa miaka saba na wa minne, na Jumamosi akiwa kazini mimi ndiye anko wa zamu. Nimeshawapeleka kwenye jengo moja la kufungwa, silitaji. Mtu mwenye urefu wa mita moja, kila kitu kilicho mbele ya macho yake kinauzwa. Sakafu inang'aa, inamwita akimbie, halafu kukimbia hakuruhusiwi. Kuna kigari cha kuchezea, kinataka hela kila baada ya dakika chache. Ngazi za umeme ndizo zilizowafurahisha kweli, na mlinzi akaja kutuondoa hapo. Sikumlaumu, kazi yake ndiyo hiyo. Ila saa nzima nilikuwa nasema "usiguse, njoo hapa, usiguse".

Sasa linganisha na Slipway, kwenye Rasi ya Msasani. Neno lenyewe maana yake ni mteremko wa kushushia na kupandishia boti, na kweli pale palikuwa karakana ya boti kabla hapajawa maduka. Ndiyo maana mpangilio wake ni wa ajabu kidogo ukishazoea maboksi: uso wa mahali pote umegeukia maji. Unatoka dukani unakutana na upepo. Kwa watoto wangu hayo maduka hata hayakuwa habari. Habari ilikuwa boti za kwenda kisiwa cha Bongoyo: nani anapanda, nani anaogopa kupanda, ile kamba inafungwaje. Kwenye picha za Tingatinga mdogo alitaja wanyama wote kwa majina, na alipofika kwa twiga mwenye madoa ya bluu akagoma, eti huyo si twiga. (Nilitaka kumweleza kwamba Edward Saidi Tingatinga alianzia michoro hiyo hukohuko Oysterbay, si mbali. Hakuwa na muda na mimi.)

Halafu jua. Sisi tuko pwani ya mashariki, tumezoea kwamba jua linachomoza baharini na kuzamia bara. Pale Slipway linazama upande wa maji. Mkubwa akasimama: "Anko, mbona shuleni tumeambiwa jua linatoka baharini?" Nikamchorea kwenye vumbi: rasi ni kama kidole, upande huu wa kidole ni Coco Beach, jua linatokea huko, upande huu mwingine ni sisi, ghuba iko mbele yetu, na ng'ambo ya ghuba ndiyo bara. Akauangalia mchoro, akaangalia jua, akauangalia tena mchoro. Hakuna duka linalouza kitu hicho.

Najua mtakalosema. Kwanza hela: maeneo yale si ya bei ya kafteria, na boom likiisha hata nauli ni mtihani. Pili usalama: ukingo wa maji si pa kumwachia mtoto wa miaka minne, mkono wake unao muda wote. Kweli tupu. La tatu ndilo zito zaidi: uwazi wa pale una mwenyewe. Ni mali ya mtu. Mtoto wa Mbagala anafika pale kama mgeni, wakati Coco Beach, upande wa pili wa kidole, anafika kwake, na mihogo anakula.

Mimi nataka mpango wa Slipway na umiliki wa Coco Beach. Sio ndoto ya kuagizwa nje. Miaka ya 1970 msanifu Mtanzania Beda Amuli alilichora Soko la Kariakoo kwa miavuli mikubwa ya zege, inayopitisha hewa na kukinga maji ya mvua. Ile ilikuwa nyumba ya biashara iliyoanza kwa kuuliza hali ya hewa ya hapa ikoje. Basi michoro yenu ya mwaka wa mwisho, wenzangu wa Ardhi, ikiwa na maduka ndani yake, tuonesheni na mahali ambapo mtoto anakimbia bure bila mtu kumfukuza.

Kwa wenye wadogo zao mjini: nendeni saa kumi, jua limepoa. Bebeni maji ya kunywa na nguo moja ya akiba. Jua linazama saa kumi na mbili na kitu, na hela ya bajaji ya kurudi iwekeni mfuko wa peke yake, kwa sababu kuna ice cream njiani.