Kabati la Vikombe na Chai ya Rungwe

Nina ugomvi na kabati la vyombo. Sisemi la nyumba moja. Nasema yote yaliyosimama sebuleni mwetu kuanzia Kiwira mpaka Masoko, yenye vioo mbele na ufunguo uliofungwa kwenye pindo la kanga ya mama mwenye nyumba. Ndani yake vikombe vya kauri vimepangwa sita sita, kila kimoja juu ya kisahani chake, na buli katikati kama mwenyekiti wa mkutano. Mchungaji akija, kabati hufunguliwa. Mkuu wa wilaya akipita, hufunguliwa. Lakini bibi anaporudi shambani, mgongo umeloa ukungu baada ya kuchuma majani ya chai tangu alfajiri, hupewa chai katika kikombe cha plastiki kilichopauka, ambacho jana kilichotewa mafuta ya taa.

Ndugu msomaji, huyo bibi ndiye mwenye chai. Hapo ndipo penye ugomvi wangu.

Naomba nisieleweke vibaya. Mimi ni mpenzi mkubwa wa vikombe, na ninavyo zaidi ya sitini. Nilianza kuvikusanya nikiwa mwalimu kijana, miaka ya 1970, kila mtumishi wa serikali alipohamishwa na kuuza vyombo asivyoweza kubeba. Ninacho cha Kichina chenye kifuniko, cha enzi za ujenzi wa reli ya TAZARA. Ninavyo vya Kiingereza vyenye waridi ubavuni na mstari wa dhahabu uliofifia kwa midomo ya watu nisiowajua. Nitamfundisha bure anayetaka kuanza: kigonge kikombe kwa ukucha, kikilia kama kengele ni kizima, kikitoa sauti nzito kina ufa hata kama huuoni. Kisha kielekeze kwenye mwanga. Kauri nyembamba ya Waingereza, ile inayochanganywa na majivu ya mifupa ya ng'ombe, itakuonyesha kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Kazi hii ina raha yake, wala siionei haya.

Wapo wastaafu wenzangu wanaonicheka. Husema, "Mwalimu, hiyo ni kasumba ya kikoloni." Nawajibu kwa historia, maana ndiyo tuliyoisomesha. Katika magofu ya Kilwa Kisiwani wachimbaji wamekuta vipande vya kauri ya Kichina vya zamani kuliko mwaka 1505, Wareno walipouvamia mji ule. Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, watu walijengea bakuli za Kichina katika nguzo za makaburi. Lamu na Unguja kuta za nyumba zilitengenezewa zidaka za kuwekea sahani na bakuli nzuri. Na sisi tusio wa pwani tulikuwa na vyungu vya Wakisi wa Ikombe, kule Ziwa Nyasa, vinavyofinyangwa na wanawake bila gurudumu na kupambwa kwa rangi nyekundu na nyeupe. Basi nani alitufundisha kwamba kupenda chombo kizuri ni mali ya Mzungu? Fikra hiyo ndiyo kasumba yenyewe.

Ila wenye hoja nzito zaidi ni akina mama, nao nawaheshimu. Wanasema vikombe vikitumika kila siku vitavunjika. Ni kweli. Tena wanakumbuka miaka ya mwanzoni mwa 1980, tulipopanga foleni kwa sabuni na sukari, na kikombe kikivunjika hakikuwa na mbadala dukani. Wakati ule kufunga kabati ilikuwa busara. Lakini miaka ile imepita, vikombe vimejaa madukani na minadani, na ufunguo umebaki palepale. Tumesahau sababu tukashika desturi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, kwa sababu pengine utafikiri mzee analalamikia mapambo. Wajerumani waliijaribu chai Kyimbila hapa kwetu mwanzoni mwa karne ya 20, na wakulima wadogo wa Rungwe walianza kuipanda kwa wingi tangu miaka ya 1960. Zaidi ya nusu karne tunachuma majani mawili na chipukizi, tunayabeba hadi kituo cha mizani, na lori linayapeleka kiwandani. Kule kiwandani muonjaji hupanga vikombe mstari mmoja mbele yake. Je, ni vya plastiki? La hasha. Ni vya kauri nyeupe, kwa sababu weupe ndio unaoonyesha rangi ya chai: kama inang'aa au imefubaa, kama ni nyekundu ya shaba au kahawia ya matope. Tena kauri haina harufu ya kuisingizia chai. Wanunuzi wa mnada wa Mombasa, na wa mnada wa Dar es Salaam ulioanzishwa mwaka 2023, huonja chai kwa namna hiyohiyo kabla ya kutaja bei.

Kumbe kikombe cheupe ni chombo cha kupimia, sawa na mizani. Kila aliye juu ya mkulima anacho, isipokuwa mkulima peke yake. Anaambiwa majani yake ni duni, naye hana la kujibu, maana hajawahi kuiona rangi ya chai yake. Hebu tufanye hesabu ya darasa la tano: kilo tano hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu, na gramu mbili hutosha kikombe kimoja. Kwa hiyo kila kilo anayochuma bibi ni vikombe mia moja. Hajanywa hata kimoja katika chombo kinachosema kweli.

Hoteli zetu za Tukuyu nazo hazina utetezi. Mji umezungukwa na mashamba ya chai, lakini ukiagiza chai ya rangi unaletewa maji ya uvuguvugu kutoka kwenye chupa, kifuko cha majani kikielea, na sukari imekwisha kutiwa bila kuulizwa. Mji wetu uko juu, kiasi cha mita 1,600, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ndiyo sababu hapa buli lapasa kupashwa moto kwanza, na chai iachwe ndani yake dakika tano kamili. Ukiniambia chai nzuri na kikombe kizuri ni vya matajiri, nitakukumbusha London. Mikahawa ya chai ya Aerated Bread Company, iliyoanza mwaka 1864, na ile ya Lyons iliyofuata mwaka 1894, ilijazwa na makarani na wasichana wa madukani, waliokunywa kwa senti chache katika kauri. Wale hawakuwa na mche hata mmoja wa chai nchini mwao.

Mwaka fulani nilihudhuria mkutano wa wakulima, siutaji wa wapi. Meza kuu iliwekewa vikombe vya kauri na visahani. Sisi tuliokaa kwenye mabenchi tulipitishiwa vikombe vya plastiki ndani ya ndoo. Ajenda ilikuwa ubora wa majani.

Mkutano ujao nitakwenda na kikapu changu, vikombe kumi na viwili vyeupe na buli mbili, nivipange kwenye benchi la nyuma. Na mwanakamati atakayenizuia mlangoni aje na sababu iliyoandikwa.