Jibu la Shairi Lingoje Kuche

Ndugu washairi, hoja yangu huenda isiwapendeze wenye vidole vyepesi: majibizano yetu ya kishairi katika simu yamekuwa ya haraka mno, na haraka hiyo inatunyima utulivu wa moyo ambao ushairi ulikuwa ukitupa.

Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1923, lilitoka mara moja kwa mwezi. Mshairi aliyetoa fumbo hakuwa na budi kungoja toleo jingine ndipo afumbuliwe. Leo fumbo hutumwa saa mbili usiku, na kabla ya robo saa kupita majibu kumi yamekwishaingia. Vina vimetimia, mizani 16 haikupungua hata mmoja. Lakini sioni dalili kwamba wajibuji walilisoma shairi hadi kituo.

Sisemi simu ni adui. Kwa simu hiyo hiyo nimejuana na malenga wa Mombasa na Muscat ambao nisingewaona maishani. Nalalamikia namna tunavyoishika. Tunaishika mezani, tunaishika kitandani, na mwanga wake unafukuza usingizi. Kisha asubuhi tunashangaa akili imechoka.

Tazameni neno baraza. Hutaja kiti cha jiwe kilichojengwa mbele ya nyumba, hutaja pia watu wakaao hapo na mazungumzo yao. Kikao nacho kimetokana na kukaa. (Wanafunzi wangu walilipenda sana somo hili la mnyambuliko, ingawa nadhani walipenda zaidi kengele.) Katika kundi la simu hakuna kukaa: kila mtu yumo, na hayumo.

Mashairi ya Muyaka bin Haji yalidumu vifuani mwa watu wa Mombasa miaka mingi baada ya kufa kwake, hata Mwalimu Sikujua alipoyakusanya pamoja na William Taylor. Yalidumu kwa kuwa yalisikilizwa. Je, ni shairi gani la juzi kundini unalolikumbuka ubeti mmoja?

Hasara kubwa zaidi si ya fasihi. Mwenzetu mmoja alitunga beti saba za msiba wa mkewe. Alipokea vidole gumba zaidi ya thelathini, na "hongera kwa vina murua" kadhaa. Mtu mmoja tu alimpigia simu, akamwuliza, "Ndugu yangu, unalala?" Aliniambia baadaye kwamba hilo ndilo jibu pekee alilolipata. Beti zile zilikuwa kilio cha mtu mpweke, nasi tulizisahihisha kama insha.

Napendekeza shairi likipokewa usiku lisijibiwe kabla ya kucha. Lisomwe kwa sauti mara mbili, simu ikiwa imewekwa kando. Na likiwa na harufu ya huzuni, mtunzi apigiwe kwanza. Walio mtaa mmoja naye wamwendee, wakae naye barazani. Vina vyake tutavijadili wiki ijayo.