Mjomba alilitweka tanga lile lile

Mzazi mwenzangu, wiki hii nina kisa cha nyumbani kwangu. Mwenye kisa amenipa ruhusa ya kukiandika kwa sharti moja: nisitaje jina lake. Ana miaka 14 na yuko kidato cha kwanza, basi heshima yake ni kitu kikubwa.

Sisi kwetu ni Zirai, huku juu Usambara Mashariki, kwenye iliki na ukungu. Mama yake kwao ni Kigombe, ufukweni. Zirai na Kigombe zote ni wilaya ya Muheza, lakini ukimtoa mtoto huku asubuhi ukamfikisha kule jioni utadhani umembadilishia nchi. Maji ya huku ni ya kijito, yanafika magotini. Ndiyo maana mwanangu alikua mpaka kimo hicho hajui kuogelea, nami sikuwahi kuliona hilo kuwa pungufu.

Likizo ya Juni tulimpeleka kwa mjomba wake, ambaye ana ngalawa. Shemeji yangu huyu si mtu wa maneno mengi. Siku ya pili tu alimpa kijana sindano, uzi, donge la nta na tanga lililochanika. Akamwambia, "Shona. Kesho natoka nalo."

Kwa wasiojua, tanga la ngalawa lina pembe tatu, nalo hufungwa kwenye foromali, ule mti mrefu unaokaa mshazari juu ya mlingoti. Zamani lilikuwa la merikani. Siku hizi utaona pia maturubai na mifuko ya salfeti iliyofumuliwa. Liwe la nini, ni vipande vilivyounganishwa, na upepo wote unabebwa na mishono. Kwa hiyo uzi hupakwa nta ili upite vizuri na usilowe upesi, mshono unakuwa wa mistari miwili, na kiraka huzidi tundu kila upande.

Mjomba alimwonyesha hayo yote mara moja, akaenda zake.

Mstari wa kwanza kijana aliushona vizuri. Wa pili alianza kurusha hatua ndefu. Mwisho kabisa, karibu na ukingo, jua limemchoma na wenzake wanacheza mpira mchangani, akaacha mstari mmoja tu. Jioni mjomba alilikunjua tanga, akalipitisha mkononi kipande kwa kipande, akafika pale. Kijana ananiambia aliona kabisa kwamba mjomba ameona. Hakusema neno. Asubuhi akalitweka tanga lile lile.

Juni ni kusi, na kusi halibembelezi. Kijana alikuwa amesimama ufukweni anaangalia. Mshono ulianza kufunguka pale pale ukingoni, ukapanda moja kwa moja mpaka karibu na foromali, na tanga likawa matambara mawili yanayopigana. Wakalitua, wakarudi kwa pondo na makafi. Samaki hakuna siku ile. Walipofika, mjomba alimkabidhi sindano tena.

Nilipopigiwa simu usiku nilichachamaa. Nilimwambia shemeji maneno ambayo shemeji haambiwi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, akasema, "Nilikuwa ndani ya mwamba, shemeji, maji ya pondo. Ingekuwa nje ya mwamba nisingelitweka. Sasa niambie, mtoto huyu akifanya kazi mbovu huko nyumbani, wewe unafanyaje?"

Sikumjibu, kwa sababu jibu nalijua. Akifua sare vibaya, mama yake anairudia usiku. Akifunga banda la mbuzi kwa kamba legevu, mimi naamka alfajiri nalifunga upya kabla hajatoka kitandani. Mbuzi hawajapotea hata siku moja, na yeye anaamini ni kwa sababu anajua kufunga banda. Miaka 14, na hakuna kazi yake hata moja iliyowahi kumrudia mkononi.

Hata hivyo sikukubaliana na shemeji kwa kila kitu, na mpaka leo sikubaliani. Chombo kile kilikuwa na mwenzake, mtu mzima mwenye watoto, naye hakuulizwa kama yuko tayari kupoteza siku kwa ajili ya somo la mtoto wa mwenziwe. Baadaye nilisikia kwamba mjomba alimlipa siku yake kutoka mfukoni. Angalau hilo.

Jambo moja nililisimamia: kijana asipande chombo mpaka ajue kuogelea. Kumbe mjomba naye alikuwa na sharti hilo hilo. Kila maji yakijaa walikwenda wote wawili, mtoto majini, mtu mzima amesimama maji ya kifuani, macho hayatoki. Likizo ilipoisha anaelea, anaogelea, na akichoka anajua kulala chali akapumua. Mzazi wa milimani unayempeleka mwanao pwani, wapwani watakuambia "atajifunza tu". Uliza ni nani atakayekuwa naye majini, na saa ngapi.

Aliporudi Zirai alikuja na swali. Tanga la mjomba likichanika mahali pamoja linaelekea kuchanika lote. Kwa nini halina vyumba? Alikuwa ameona kwenye simu picha ya jahazi la Kichina.

Ilibidi nami nikasome. Tanga la Kichina linakatwa na fito kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kama fito za ukuta wa nyumba ya udongo. Kati ya ufito na ufito ndiyo chumba. Kitambaa kikipasuka, mpasuko unafika kwenye ufito na kusimama. Upepo ukizidi huna haja ya kubadilisha tanga: unalegeza kamba, ufito wa chini unalala juu ya mwenzake, tanga limepungua chumba kimoja. Mwaka 1960 Mwingereza aitwaye Blondie Hasler alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kwa tanga la namna hiyo, kutoka Plymouth hadi New York, siku 48, katika mashua ya mita kama saba na nusu iliyoitwa Jester. Kamba zake alizipeleka zote mahali pamoja ili alipunguze tanga bila kutoka nje kwenye mawimbi. Na huku kwetu matanga ya fito si mageni kabisa. Meli za Zheng He zilifika pwani hii karne ya 15, na mwaka 1415 twiga wa Malindi alifikishwa China. Watu wa pwani waliendelea na foromali yao.

Kijana akaamua kulitengeneza. Nami nikaamua kutoligusa, jambo lililoniuma kuliko mnavyodhani.

Mianzi tunayo. Mifuko ya salfeti tunayo. Mlingoti ulileta mjadala, maana msitu ulio jirani, wa Amani, ni hifadhi na haukatwi. Alipata mkaratusi mmoja mnyoofu shambani kwetu. Mlingoti wa tanga hili haushikiliwi na kamba za pembeni, unasimama kwa nguvu zake, hivyo unatakiwa mnene pale unapotoka chomboni na mwembamba ukielekea juu. Aliuambua gome, kisha akataka kuuanika juani ukauke haraka. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Mama yake ndiye aliyenusuru mti: alimtuma ampigie mjomba. Mjomba akamwambia mti mbichi ukianikwa juani unapasuka, uweke kivulini, ulale juu ya magogo, ufungwe usipinde, na usubiri. Ulisubiri kuanzia Julai hadi Desemba.

Desemba wakaufunga kwenye ngalawa ndogo kuukuu ambayo mjomba alikuwa ameitelekeza mchangani. Asubuhi ya kwanza, kaskazi jepesi, ndani ya mwamba, mjomba akiwa chomboni. Ikaenda. Siku ya tatu nyuzi zilianza kukatika, kwa sababu fito zinasugua mlingoti kila chombo kikiyumba. Mjomba alicheka sana. "Tanga lako lina vyumba," akasema, "lakini lina na panya."

Hilo ndilo tatizo la tanga la fito. Ni zito kuliko la foromali, na lina vifundo vingi, kila kimoja ni mahali pa kuharibikia. Kijana alikata vipande vya tyubu ya baiskeli, akavivika kila ufito pale unapogusa mlingoti, akafunga upya zote. Jioni analiosha tanga kwa maji ya kisima kuondoa chumvi, analianika kivulini mpaka likauke ndipo alikunje, maana likikunjwa bichi linaota koga na jua nalo linakula uzi. Kisha anashika kifundo kimoja baada ya kingine. Dada yake mdogo, aliyekuwa naye likizo hiyo, anasema anavihesabu kwa sauti, na ukimsemesha katikati anaanza upya.

Chumba kimoja kilipasuka kabla ya mwaka mpya. Kimoja tu. Alirudi ufukweni kwa tanga, hakupiga kafi.

Sasa shule zimefunguliwa na yuko nyumbani. Alfajiri ya Jumanne iliyopita niliamka, kwa mazoea nikaenda bandani. Kamba ilikuwa legevu kama zamani. Nilisimama pale kitambo kirefu, baridi inaniingia, kisha nikarudi kulala. Kufika saa moja mbuzi wawili walikuwa kwenye maharage ya jirani.

Jirani anadai debe moja. Kijana ameomba alipe kwa awamu, na jirani bado anafikiria.