Mnamgombania Asiyekuwapo

Ewe ndugu msomaji, vijana wetu wamepata ugomvi mpya. Hawagombanii mpira wala siasa. Wanamgombania mtu wa kuchorwa: jee, ni mwanamume au ni mwanamke?

Mtu huyo ni Hange Zoe, na yumo katika hadithi ya picha ya Kijapani, hizo ziitwazo manga, jina lake Shingeki no Kyojin. Mwenye kuiandika na kuichora ni Isayama Hajime, naye aliitoa tangu 2009 mpaka 2021. Humo wanadamu wamejifungia ndani ya kuta kwa kuyaogopa majitu yanayokula watu, na Hange ni askari ayakamataye majitu hayo yakiwa hai ili ayachunguze. Mwisho akawa mkuu wa kikosi, akafa akiyazuia majitu ili wenzake wapate kuondoka.

Mwandishi hakutaka kubainisha jinsia yake. Kijapani kinamruhusu kunyamaza. Kiingereza hakinyamazi kwa wepesi, na wachapishaji wa huko wakalazimika kuyakwepa maneno ya kubagua mume na mke. Kisha hadithi ilipotiwa katika sinema ya katuni, 2013, Hange akapewa sauti ya mwanamke. Hapo fitina ikawaka.

Sikiliza hoja zao. Huyu asema: ana akili hizi na moyo huu, basi ni mwanamume. Yule ajibu: ni mwanamke, ndiyo maana hamfikii Levi kwa upanga. Wa tatu hana hoja, ana matusi tu.

Umeona, msomaji? Hukumu imetoka kabla ya ushahidi. Penye sifa apewe mwanamume, penye upungufu apewe mwanamke. Na ndani ya nyumba hiyo hiyo yumo binti anayesikia, naye anajifunza thamani yake kwa vinywa vya nduguze.

Utasema: basi vitabu hivyo na vitupwe. Vitupe ukitaka, lakini fikra hiyo haikutoka Japani. Mwandishi alinyamaza, waliosema ni watoto wetu, na waliyoyasema waliyasikia barazani kwetu.

Hakika sharia imetofautisha mume na mke katika sitara, katika mirathi na katika ulezi, wala hatuna ruhusa ya kuifuta tofauti hiyo. Lakini akili, elimu na ushujaa Mwenyezi Mungu hakuvifanya mali ya upande mmoja. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, Bibi Nusayba binti Kaab alimkinga Mtume (S.A.W.) kwa upanga mpaka akajeruhiwa. Masahaba wakubwa walikwenda kwa Bibi Aisha (R.A.) kumuuliza mambo ya dini yaliyowatatiza. Jee, nao tuwaite wanaume kwa kuwa waliweza?

Tazama adabu ya mafakihi wetu wa madhehebu ya Shafi. Waliandika juu ya khuntha mushkil, yaani mtu wa kweli ambaye haikubainika kuwa ni mume au mke. Waliuliza kwa kuwa palikuwa na haja. Katika mirathi, apewe lililo yakini, na lenye shaka liwekwe mpaka mambo yabainike. Katika sala ya jamaa, asimame nyuma ya wanaume na mbele ya wanawake. Hawakumtukana, wala hawakuipima akili yake kwa maumbile yake. Walimlindia haki yake. Sasa huyu Hange, nani anamrithi? Nani anamposa? Nani ataiosha maiti yake?

Na sisi Waswahili ndio tungekuwa watu wa mwisho kugombana. Lugha yetu ikisema "alikuja, akapigana, akafa," hapana ajuaye kama ni mume au mke. Tumeisikia kazi ya mtu kabla ya kumjua ni nani.

Basi ewe mzazi, usiku wa leo keti na mwanao. Muulize anasoma nini, na wanabishania nini. Akisema mwanamke hawezi, usicheke. Mwambie habari ya Uhud, na umwambie mbele ya dada yake. Kisha mtazame binti huyo: jee, kitabu chake ulimnunulia, au ulimwambia jiko linamtosha?

Mwenyezi Mungu atuongoze sote. Amin.